Asumini kwa Mwili Uliopoa

Haya yalimkuta shoga yangu muuza manukato, ambaye mtaa mzima unamjua kwa mdomo wake mchafu. Wifi yake alipolazwa, mkononi kabandikwa plasta ya dripu, alimwomba tone moja tu la asumini. Shoga akacheka mbele ya wauguzi.

"Asumini hutaka mwili wenye joto, wifi. Wewe umeshapoa, nitaimwaga bure."

Kesho yake tukamzika.

Wiki iliyofuata, mchana, umeme ukakatika dukani. Duka lenyewe liko ndani kabisa ya jengo, halina dirisha, likawa giza totoro. Shoga akasikia kandambili zikiburuzwa hadi kwenye kaunta, kisha mtu akivuta hewa puani, taratibu.

"Asumini," mtu akanong'ona.

Shoga akaupapasa mkono wa mteja, akadondosha tone, akalisugua kwa kidole gumba kama afanyavyo kila siku. Ngozi ilikuwa baridi kama sakafu.

"Ngoja ipate joto ndiyo inukie," akasema.

"Nangoja."

Umeme uliporudi hapakuwa na mtu. Kwenye kidole gumba chake ilikuwa imenata plasta ya dripu, imelowa asumini. Akaibandua. Ilikuwa na joto.