Rola Nyekundu, Rola Bluu

Saluni ya Redio haikosi watu. Wengine huja kusuka, wengine huja kusikiliza tu. Mwenye saluni aliitwa Redio kwa sababu habari zote zilianzia kwake.

Wiki hiyo habari ilikuwa moja. Diwani ameshtakiwa kwa kuiba jenereta ya zahanati.

"Lori lilionekana getini kwake!" alisema muuza vitambaa, kichwa kikiwa ndani ya draya.

"Diwani yule? Malaika wa watu?" alibisha mwingine.

Redio akaleta mtungi na rola za kukunjia nywele. "Tupige kura. Rola nyekundu, ameiba. Bluu, hajaiba."

Rola nyekundu zikajaa hadi juu. Bluu zilikuwa nne.

Kwenye kona, Binti alikuwa akisuka kimya. Amekuwa msusi wa Redio kwa miaka sita. Tena diwani huyo ni mama yake mzazi.

"Mimi hanigusi huyo," muuza vitambaa alisema, akimtazama Binti. Siku mbili zilizofuata, kiti cha Binti kilikaa kitupu.

"Mwanangu," Redio alimwambia, "wateja wananikimbia. Jumamosi iwe mwisho."

Binti alikunja aproni yake. "Sawa, mama mdogo." Ndivyo alivyomwita kwa heshima.

Ijumaa akaja karani wa mahakama kuoshwa nywele. Redio hakungoja hata maji yapate moto.

"Dada, nidokeze. Ameiba, hajaiba?"

"Kesi hiyo siizungumzii."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe."

"Basi njoo uone hukumu yetu." Redio alimwonyesha mtungi.

Karani alicheka mpaka povu likamwingia jichoni. "Rola hizi zilimsikiliza nani? Zilimuuliza dereva wa lori alikuwa akienda wapi?"

"Hapana."

"Sisi mahakamani huuliza. Shahidi anaapa kwanza. Wakili wa upande wa pili anambana kwa maswali. Mshtakiwa naye anajieleza. Hakimu anaandika sababu za hukumu yake. Akikosea, kuna rufaa. Mpaka hapo, mtu ni mshtakiwa tu."

"Na hakimu akipendelea?"

"Ndiyo maana mlango uko wazi. Jumatatu njoo ukae nyuma, usikilize. Ila usiongee."

"Nisiongee?" Redio alishika kiuno. "Siku nzima?"

Karani alitazama kile kiti kitupu, na Binti aliyesimama kando yake bila mteja. "Na huyu binti kashtakiwa kwa lipi?"

Ile Jumamosi ikapita bila Redio kumfukuza mtu.

Jumatatu alifunga saluni, akaenda mahakamani. Akaenda na Jumanne, na Jumatano. Alibana midomo, lakini masikio aliyafungua. Dereva alikiri kupeleka jenereta kwa diwani, ikawashe taa za sherehe yake. Baada ya siku mbili ikaharibika. Fundi aliyepewa kuitengeneza naye akasema, "Ipo kwangu mpaka leo. Diwani mwenyewe aliniambia ni ya zahanati."

Wiki iliyofuata hakimu akasoma hukumu. Wizi haukuthibitishwa. Lakini kutumia mali ya umma kwa shughuli binafsi kulithibitishwa. Diwani akapewa adhabu ya kosa hilo, na jenereta ikaamriwa irudi zahanati.

Saluni ilikuwa imejaa Redio aliporudi.

"Nyekundu au bluu?" wote wakauliza.

"Wala nyekundu, wala bluu. Mwizi si mwizi, malaika si malaika. Kaeni niwaeleze." Akawaeleza shahidi mmoja mmoja, hata namna fundi alivyokuwa akikohoa. Kisha akamgeukia Binti mbele ya watu wote. "Mwanangu, nilikuhukumu bila kukuuliza hata swali moja. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama mdogo. Lakini mama yangu alikosea kweli. Nimemwambia hivyo."

Muuza vitambaa alikohoa kidogo. Akainuka, akaenda kukaa kwenye kiti cha Binti. "Nisuke. Usivute sana."

Sauti ikatoka chini ya draya: "Jamani, na yule mkuu wa soko anayetuhumiwa? Tulete mtungi?"

"Kesi yake inaanza lini?" Redio aliuliza, akimimina rola zote kwenye beseni la kuoshea. "Nani ananisindikiza?"