Mbuzi Asiyekimbia

Kwale aliingia ndani kwa Sifat asubuhi, akapita juu ya zulia kwa madaha, akadonoa makombo ya mkate kwenye paja la Shahgul, mke wa Sifat. Shahgul akacheka.

"Baba Nilofa, njoo umwone mgeni wako. Hata hodi hapigi!"

Sifat alipoinuka, kwale hakushtuka. Aliyeshtuka ni Shahgul.

Sifat alikuwa mwindaji. Bondeni kwetu mtoto huijua sheria ya uwindaji kabla hajajua kusali: mbuzi wa mlimani wana mwenyewe, jini jike akaaye kwenye theluji. Mbuzi anayekukimbia umeruhusiwa, mfuate. Anayesimama kukutazama ni mbuzi wake wa maziwa, mwache. Siku nne kabla ya kwale yule, miti ya aprikoti ikianza kuchanua, Sifat alikutana na jike aliyesimama hatua kumi tu mbele yake. Alingoja akimbie, hakukimbia, naye akafyatua bunduki. Ni kweli nyumbani kwake hamkuwa na nyama tangu baridi ianze. Lakini njaa ile ilikuwa yetu sote, na wengine hatukufyatua.

Baada ya kwale akaja mbweha, akanywa mtindi bakulini Sifat akimwangalia. Kisha mbuzi wenyewe wakashuka, kumi na wawili, adhuhuri ya jua kali, wakajipanga uani, na harufu ya madume yao ikaingia hadi kwenye unga. Sifat alipiga makofi, akapiga kelele, akarusha mawe. Jiwe moja lilimpata dume puani. Dume akailamba damu yake na kuendelea kumtazama.

Na kadiri wanyama walivyomzoea ndivyo nyumba ilivyomkimbia, mbwa wake akahamia kwa jirani, ng'ombe akakauka maziwa kila Sifat alipomgusa, na Shahgul, mwanamke aliyekuwa akimtania mumewe mbele ya wakwe, akawa hawezi kupokea kikombe mkononi mwake bila kukimwaga, akawa analala amekaa, mgongo ukutani, macho mlangoni.

"Sijui nina nini," alinong'ona kutoka nyuma ya mlango. "Nakupenda, Baba Nilofa, wallahi. Lakini nikisikia nyayo zako, miguu inataka mbio."

"Mimi? Mimi mumeo?"

"Usisogee. Nakuomba, usisogee."

Aliyebaki ni Nilofa tu, binti yao wa miezi mitano. Yeye bado alimcheka baba yake na kumvuta ndevu. Sifat alipowaza kwamba siku moja naye ataogopa, hakungoja. Akaenda mbio kwa Ibadat, yule mwenye kinu cha kusagia ngano, ambaye majini humpanda.

"Umechelewa, halafu utanipasua kichwa kwa moshi," Ibadat alinung'unika. Hata hivyo aliwasha matawi ya mwerezi, akauvuta moshi mpaka macho yakageuka, akanywa damu ya mbuzi wa kufugwa ikiwa bado na joto. Sisi majirani tulisimama ukutani. Sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, ya mwanamke, na kinu kizima kikaingia baridi.

"Woga haufi, Sifat. Nimeutoa kwa wanyama wangu, nimeutia nyumbani kwako."

"Nisamehe, bibi. Nirudishie nyumba yangu."

"Vunja bunduki. Kisha nitajie mbele ya hawa wote uliowaangamiza. Kila utakayemtaja, nami nitamwachilia mmoja wa kwako. Usiyemtaja, nitajilipa."

"Jike mmoja, bibi."

"Na mwingine?"

Sifat alitutazama. Alikuwepo mwingine. Mtoto wa yule jike, wa siku chache, aliyejibana chini pembeni mwa mama yake anayevuja damu, kimya, bila kupumua, kama watoto wa mbuzi wale wanavyofanya hatari ikiwa karibu. Sifat alimruka, akamwachia baridi ya usiku. Na kwetu, anayeua mama anayenyonyesha hapewi tena salamu hadi kufa.

"Hakuwepo mwingine," alisema.

Ibadat akatabasamu, tabasamu lisilo lake. "Haya."

Sifat aliivunja bunduki kwenye jiwe la kinu, akatoka. Mbuzi waliokuwa uani walimsikia tangu kichochoroni, wakatimka, mawe yakaporomoka nyuma yao hadi walipopotea gengeni. Alicheka peke yake kama mwehu! Shahgul alimpokea mlangoni, akamshika mkono, akalia.

"Woga umeniondoka, Baba Nilofa. Ona, nimekushika."

"Nilofa yuko wapi?"

"Yuko ndani, anacheza na vidole vyake."

Alimsikia akitoa vijisauti vya kitoto kabla hajamwona. Kivuli cha Sifat kilipofika kwenye susu alimolazwa, sauti ikakatika. Mtoto hakulia. Alijibana, ngumi chini ya kidevu, macho wazi, wala hakupumua.

"Nilofa. Ni mimi, mwanangu."

Midomo ikaanza kuwa ya buluu. Shahgul alimnyakua, akamtikisa, akampulizia usoni, akapiga yowe, na Sifat akaanza kurudi kinyumenyume, akapita jikoni, akavuka kizingiti, akavuka ua, huku akilia kuuelekea mlima, "Alikuwepo mdogo! Bibi, nisikie, alikuwepo!" Alipofika ng'ambo ya mfereji uliopita nje ya ua ndipo alipomsikia binti yake akivuta pumzi.

Akajaribu hatua moja kurudi.

Ndani kukawa kimya.