Vanishi Mbichi

Haya yalimpata rafiki yangu mpambaji wa nyumba, mwanamke asiyebabaishwa na mtu. Alikuwa amepaka vanishi sakafu ya sebule, akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akafunga kwa ufunguo. Jioni akarudi kuchukua tepu aliyoisahau kwenye korido. Umeme ulikuwa umekatika, giza totoro. Ndani ya sebule akasikia miguu mitupu ikinata na kubanduka, nyat, nyat, ikija.

"Wee! Sakafu mbichi hiyo!" akafoka. "Ukiiharibu utaipaka mwenyewe!"

Miguu ikatulia nyuma ya mlango. Mwingine angetimua mbio. Yeye akafungua, akamulika tochi.

Hapakuwa na mtu. Nyayo zilianzia kwenye ukuta usio na mlango wala dirisha, zikaishia kizingitini, vidole vikimwelekea yeye. Za kurudi hazikuwepo.