Beji Kifuani mwa Mukhisa

Foleni ya eksirei pale hospitali ya Bungoma ilifika mlangoni, maana ilikuwa siku ya soko Chwele na bodaboda zilikuwa zimeangusha watu. Phelista, fundi wa nguo kutoka Kitale, alikaa kwenye benchi katikati yao na rinda lake la kijani lililojaa matope, ameupakata mkono wa kushoto kama mtoto mchanga.

"Mami, ingia," akaita kijana mrefu wa koti jeupe. "Weka mkono hapa. Usitikisike."

"Itauma?"

"Mionzi haiumi. Inapita kwa nyama, mfupa unaizuia, ndio maana mfupa unatoka mweupe."

Akamfunika tumbo kwa aproni nzito ya madini ya risasi, akajificha nyuma ya ukuta, mashine ikalia. Baadaye akainua picha kwenye mwanga. "Umepasuka kidogo tu. Lakini pete sijaona."

"Si ungeuliza tu, bana! Ati mpaka unipige picha?"

Huyo ndiye Mukhisa. Simu zikaanza, asubuhi "umeamkaje, dia," jioni "umekula?" Kabla mahindi kuvunwa, wazee wake walikuwa wamefika Kiminini kwa wazazi wa Phelista, na harusi ikapangwa Desemba.

Mungu alimjalia Phelista mengi, na wivu pia hakumnyima. Siku moja alifika Bungoma na chapati zikiwa bado moto. Mlangoni akasimama. Mwanamke wa midomo myekundu, nywele zimetoka saluni, alikuwa akimbandika Mukhisa beji ndogo kifuani, kisha akaipigapiga kwa kiganja.

"Usisahau tena, wewe."

"Sitasahau, Mwihaki."

Mwihaki alipoondoka, Phelista akauliza, "Huyo ni nani?"

"Mwenzangu wa kazi. Alikuwa Nairobi kusomea mionzi ya kutibu saratani, ile kali ya kuunguza uvimbe."

"Na wewe anakuunguza nini?"

"Wivu wako, Phelista!"

"Basi nionyeshe hiyo beji."

"Hapana. Hii haiguswi."

Mukhisa alipotundika koti akaenda kunawa, Phelista alitoa mkasi wake wa kazi, akaifungua beji. Ndani mlikuwa na kipakiti cha karatasi. Akakipasua pembeni akitafuta picha ya mtu. Hakukuwa na uso wowote, ila kipande kitupu cha filamu. Akakirudisha haraka, akafunga. Usiku aliomba msamaha kwa Mungu. Kwa Mukhisa hakuomba.

Wiki tano baadaye simu ikalia.

"Phelista, usiningoje."

"Ni Mwihaki!"

"Mwihaki anaingiaje hapa? Beji zetu hupelekwa Nairobi zisomwe, tujue mionzi iliyotupata. Yangu imeonekana nyeusi tititi, yaani mionzi imenizidi. Tangu juzi nimetolewa chumba cha eksirei. Huenda hata sitazaa. Sitaki uolewe ukae bila mtoto."

"Na mwanga? Mwanga hauwezi kuiharibu?"

"Unaweza. Lakini nani aifungue?"

Akisema, Mukhisa atamwacha kwa hasira. Akinyamaza, atamwacha kwa hofu, na kazi yake itapotea.

Asubuhi alivaa suti yake ya kanisani, akafika Bungoma, akaweka mkasi mezani mbele ya mkubwa wa kitengo, Mukhisa na Mwihaki.

"Niliifungua mimi."

Mwihaki ndiye aliyechukua filamu iliyorudishwa kutoka Nairobi, akaiinua dirishani. "Mionzi ingeacha vivuli vya vile vibati vya kuchuja mionzi vilivyo ndani ya beji. Hapa hakuna kivuli hata kimoja. Huu ni mwanga."

Mukhisa akatoka. Phelista akamfuata, akakaa kwenye benchi ile ile ya siku ya kwanza, akalia kimya.

Mukhisa akarudi, akakaa kando yake. "Ulidhani utampata nani mle ndani?"

"Mwihaki. Amevaa pete."

Kicheko kikamponyoka, kisha macho yakamlowa. "Siku tatu nimekuwa nikihesabu watoto ambao sitazaa."

"Nisamehe, Mukhisa. Nilikosa."

Akatoa beji mpya mfukoni. "Tukifunga ndoa, utanibandika wewe, kila asubuhi. Lakini mkasi ubaki Kitale."

Phelista akaibandika.

"Imepinda," akasema Mwihaki kutoka mlangoni.

Phelista akaitazama ile midomo myekundu, akamshukuru kwa moyo wake wote, na beji akaiacha vile vile.