Ufunguo Usiosahau

Mjini Mbeya hakuna aliyeibiwa gari tena. Mwizi angeweza kukupora ufunguo mchana kweupe pale soko la Mwanjelwa, akaukumbatia, akaubusu, na gari lisingemfungulia hata buti. Ufunguo-moyo haukujali vidole wala sura. Uliingia kiganjani, ukasikiliza damu inavyopita mshipani, na kama mapigo hayakuwa ya mwenyewe, ulinyamaza. Umbo lake lilikuwa lile lile la rimoti za zamani, dogo na jeusi, na ndani yake betri ya duara kama ya saa.

Mwanzoni watu waliuogopa. Nani anataka kifaa kinachoujua moyo wake? Ndipo mhandisi Lusajo Mwakalinga, aliyeubuni, akasimama mbele ya umati, akautoa betri, akasema: "Ukitoa betri, umesahaulika. Na hakuna mwingine anayesikia." Watu wakaamini. Kampuni ya Nyotamlima ikaziuza funguo hizo mkoa mzima, ikaziweka hata kwenye magari yake ya wagonjwa, yale yanayopaa.

Wa kwanza kuamini alikuwa Sekela, dada yake Lusajo, rubani wa mojawapo ya magari hayo. Ufunguo wake mmoja ulifungua gari la kazini na la nyumbani.

Jumapili hiyo Lusajo alikuja kula kwa dada yake kama kawaida. Sekela alipakua wali, mwenyewe hakula. Wiki iliyopita Kampuni ilimvua urubani, na meneja hakumpa sababu zaidi ya sentensi moja: "Dada, tatizo ni moyo."

"Moyo," Sekela alirudia, akisukuma sahani. "Mimi huyu. Nimeshuka milimani Kitulo ukungu umefunga, huoni hata pua yako, nikamtoa mama aliyekwama na uchungu wa uzazi. Leo mtu anayeogopa lifti ananiambia sina moyo wa kazi. Wewe ungenyamaza?"

Lusajo alitafuna polepole. "Achana nao, dada."

"Siachi. Kesho namfuata ofisini. Atanitajia siku niliyoogopa, au anirudishie gari langu." Aliuchukua ufunguo mezani. Taa yake ilikuwa hafifu. "Na hiki kidude chako kinakufa. Ulisema betri inakaa miaka mitano, hata mmoja haujaisha. Ulipiga hesabu au ulitunga shairi?"

"Nipe, nitaupeleka karakana."

"Karakana kwa betri? We mtoto, usinichekeshe."

Alikuwa na betri mpya kwenye droo. Alichomeka ncha ya kisu cha mezani kwenye ufa wa pembeni, akazungusha kidogo, na ganda likaachana. Akaing'oa betri ya zamani kwa kijiti cha meno, akafuta vumbi kwa pindo la kanga, akaiweka mpya, alama ya kujumlisha ikitazama juu. Kwa maneno ya Lusajo mwenyewe, sasa ufunguo ulipaswa kumuuliza jina na kuanza kumjifunza upya.

"Karibu, Sekela," ufunguo ukasema.

Sekela aliusogeza karibu na dirisha. Chini ya kiti cha betri paliganda punje nyeupe, ndogo kama chawa, iking'aa kwa umeme wake yenyewe.

"Lusajo. Nimetoa betri."

"Dada..."

"Nimetoa betri na kimenijua. Kinakumbuka kwa ajili ya nani?"

Lusajo aliweka kijiko chini. "Kampuni. Kinawatumia mapigo ya kila mtu. Ndiyo maana betri haidumu."

"Mapigo yangu yana nini?"

Kabla hajajibu, lile neno moyo likageuka kichwani mwa Sekela. Meneja hakumwita mwoga. Wiki nzima alikuwa amegombana na tusi ambalo hakuna aliyemtukana. Mtu yule alizungumzia nyama iliyo chini ya mbavu zake.

"Yanaruka," Lusajo alisema. "Yanakosa pigo, halafu yanakimbia. Unatibika, dada, ukiwahiwa."

"Ulijua lini?"

"Masika."

Nje, mahindi ya masika yalikuwa yameshavunwa.

"Tangu masika unakuja hapa kila Jumapili. Unakula. Unaniomba mchuzi wa kuongeza. Meneja anajua, labda na mlinzi wa getini anajua, mimi mwenye moyo sijui."

"Mkataba unakataza kumwambia mwenye ufunguo. Watu wangezitupa zote. Ningefukuzwa, ningeshtakiwa. Ni mimi niliyewasihi wakutoe angani kabla hujaanguka. Nilikuwa nakuokoa."

"Uliokoa gari."

Lusajo akaanza kukusanya punje za wali mezani.

"Ningeangukia hapa jikoni, je?" Sekela hakupaza sauti. "Msibani ungesimama useme nini? Kwamba marehemu alikuwa na moyo mzuri?"

Aliinuka, akavaa sweta. Ufunguo aliuacha mezani, tumbo wazi, mbele ya aliyeutengeneza.

"Unakwenda wapi? Ngoja nikupeleke."

"Hospitali. Nitakwenda kwa miguu, taratibu. Namtaka mtu ambaye akiusikia moyo wangu ataniambia mimi."

Kizingitini alisimama, akaweka kiganja kifuani na kusikiliza mwenyewe. Ulipiga. Ukasita. Ukapiga.