Jiwe Mbele ya Gurudumu

Maiti ilikuwa imesimama.

Ndivyo Koplo Munene alivyosema kwenye simu, na Inspekta Kaari akadhani ni utani wa asubuhi. Alipofika ndipo alipoona kwamba Munene hakutania. Marehemu alikuwa amebanwa baina ya lori na ukuta wa mawe, wima kama askari kwenye gwaride, viganja vyote viwili vimeshika pua ya lori kana kwamba alitaka kulisukuma lirudi lilikotoka.

Kaari alifika kwa miguu. Gari jipya la polisi lilikuwa limezimika lenyewe kwenye mlima wa mwisho, huku ile taa yake ya njano ya onyo ikiwaka. Taa hiyo haikuwa imezimika tangu gari liletwe. Mafundi waliichomekea kompyuta yao, wakatikisa vichwa, wakalirudisha vilevile. Munene ndiye aliyeipatia dawa: aliibandika plasta ya kidonda.

"Pole kwa kutembea, afande," Munene alisema. "Hii ya hapa ni ajali tu. Lori limeteleza."

"Umejuaje?"

"Si unaona mteremko?"

Kaari aliuona. Boma la Mzee Wamae liko upande wa Tetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, mahali ambapo hata kikombe cha chai hukiweki mezani bila kufikiri. Kutoka langoni, njia ya udongo mwekundu inashuka moja kwa moja hadi kwenye ukuta ule wa mawe. Lori lilikuwa limeshuka nayo.

Lilikuwa lori jipya, jeupe, la kung'aa. Bampa lilikuwa limepasuka vipande kama sahani, kwa maana halikuwa la chuma.

Mzee Wamae alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya zizi, kofia magotini. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye mikono ya dereva wa zamani.

"Pole, mzee."

"Asante, madam."

"Huyu ni nani?"

"Kim Ngatia. Ndiye aliniuzia hii lori. Anafanya kazi na kampuni ya magari huko mjini."

"Alikuja kufanya nini?"

"Niliita yeye. Aiangalie."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa ng'ombe. Nikasikia kishindo. Nikapata ni hivyo."

"Lori lilikuwa limewekewa jiwe la kuzuia gurudumu?"

Mzee aliutazama mlima kwanza. Asubuhi hiyo Kirinyaga ilikuwa wazi, theluji yake kidogo imekaa juu kama chumvi iliyomwagika.

"Kim alisema ati gari ya siku hizi haihitaji jiwe," alisema.

Kaari aliyageuza maneno yale kichwani. Hayakuwa uongo. Wala hayakuwa jibu.

Alipanda njia taratibu hadi lori lilipokuwa limeegeshwa. Palikuwa na alama nne za magurudumu. Mbele ya alama ya gurudumu la mbele la kushoto palikuwa na kishimo cha ukubwa wa chungu, nyasi za ndani zimekuwa nyeupe kwa kukosa jua. Jiwe kubwa lilikuwa limelala hapo miezi. Sasa halikuwepo.

"Munene, lori likilipanda jiwe, jiwe huenda wapi?"

"Linasukumwa mbele, ama linabaki nyuma."

"Litafute."

Halikuwa mbele wala nyuma. Kaari ndiye aliyeliona. Lilikuwa langoni, limewekwa vizuri kando ya nguzo, juu ya mawe mengine mawili. Mvua ya usiku ilikuwa imeyaosha yale mawili. Lile la juu lilikuwa na udongo mbichi tumboni, na nyungunyungu mmoja bado anajikunja akitafuta kwao.

Nje ya lango palikuwa na gari dogo la marehemu, jipya vilevile. Halikuweza kuondolewa. Ufunguo wake ulikuwa wa umeme, nao ulisagika mfukoni pamoja na mwenyewe. Mwingine ilibidi utengenezwe Nairobi. Kaari alilizunguka. Alipofika mbele alisimama.

Chini ya gurudumu la gari la Kim Ngatia palikuwa na jiwe.

Aliingia jikoni.

Mke wa mzee, Warigia, alimpa chai kabla ya kuulizwa lolote.

"Mimi nilikuwa napalilia viazi ng'ambo ya mto," alisema. "Niliitwa na majirani."

"Mama, huyu Kim mlikuwa mnamjua vizuri?"

"Tunamjua. Alikuja hapa kwa matanga ya Muchiri."

"Muchiri ni nani?"

"Kijana yetu. Wa pekee." Aliongeza kuni mekoni. "Baba yake alikuwa na lori ya zamani, ile ya chuma. Ilisomesha watoto wa ndugu zake wote. Muchiri akasema, 'Baba, tununue mpya, hii inatuaibisha.' Wakauza ile. Mwenye kununua ni mtu wa Timau. Mpaka leo inabeba ngano. Ikipita hapo barabarani, dereva anapiga honi, na mzee anaingia ndani."

"Muchiri alikufaje?"

"Karibu na mji wa Kenol, akipeleka ngano Thika. Lori ikajizima yenyewe kwa mlima. Akaiacha irudi nyuma, akaigeuza ikaangalia chini, akavuta breki ya mkono, akatoka kufungua boneti. Ikamfuata." Alijifuta uso kwa leso. "Kampuni ikaandika ni kosa la dereva, hakuvuta breki. Polisi wa huko wakakubali. Halafu huyu Kim akaja na mkate na sukari, akasimama mbele ya watu wote akasema, 'Tuombee vijana wetu, wasiwe wanasahau.'"

"Mzee alisema nini?"

"Hakusema kitu. Kampuni ikapaka lori rangi ikaturudishia. Hajawahi kuiendesha barabarani. Aliiegesha hapo, akaiwekea jiwe, basi."

Kaari alikunywa chai yake polepole. "Mzee anapenda kuweka jiwe?"

Kwa mara ya kwanza uso wa mama ulifunguka. "Huyo? Madereva wote wa hapa wanaweka jiwe, lakini wakiondoka wanaliacha barabarani, watu wa pikipiki wanaumia. Baba Muchiri hawezi. Akitoa jiwe lazima alirudishe kando. Hata ya wengine anatoa. Ukiwa na haraka naye utalia!"

Kaari alishusha kikombe. Mama alikuwa amemsifu mumewe, wala hakujua kwamba alikuwa ametoa ushahidi dhidi yake.

Siku zilizofuata zilikuwa za kungoja. Daktari wa maiti alisema marehemu alikufa papo hapo, akilitazama lori ana kwa ana.

"Hakuwa anapita?" Kaari aliuliza.

"Mtu anayepita hupondwa ubavu. Huyu alisimama akiliangalia."

Gichovi, mkaguzi wa magari wa serikali, alilifungua lori kwenye uwanja wa kituo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyasema kwa hasira.

"Njoo uone, Inspekta. Hii ni springi ya breki ya kuegesha. Kazi yake ni moja tu, kukamata. Imepasuka."

"Imepasuka katika ajali?"

"Angalia kutu kwenye ufa. Ni ya zamani. Ukivuta mkono inashika, unaenda zako umeridhika. Ikikaa kidogo, inateleza. Na nyumba yake wameitengeneza kwa bati ambalo mimi nisingefunikia sufuria."

"Pengine ni hili moja tu."

"Nilifikiri hivyo. Nikamwomba mwenzangu wa Timau afungue lingine la toleo hili, la shamba la maua. Ufa uko pale pale."

Kaari aliishika ile springi. Ilikuwa nyepesi mno. Alimkumbuka baba yake kule Meru na trekta lake, ambalo alilirithi kwa mzee wake, likiwa na kelele zote za dunia lakini likikuambia linapougua. Magari ya siku hizi hayakohoi. Yanakuwashia taa ya njano, na ukiizoea, yanakuua kimya kimya.

"Kwa hiyo Muchiri hakusahau," alisema.

"Kijana alivuta breki. Breki ndiyo ilisahau."

Alasiri hiyo Kaari na Munene walirudi Tetu. Mzee Wamae alikuwa kwenye kigoda kile kile, amevaa koti la kanisani.

"Umevaa vizuri, Baba Muchiri."

"Nilijua mtarudi."

"Kabla hujasema neno, mzee, una haki ya kunyamaza. Na ukisema, utayarudia kituoni mbele ya mkubwa wangu na mtu wako wa kukusimamia."

"Nimenyamaza ya kutosha, msichana wangu. Uliza."

"Jiwe lilikuwa mbele ya gurudumu. Ni nani aliyelitoa?"

"Ni mimi."

"Ukalipeleka langoni."

Mzee alishtuka. Aliitazama mikono yake, kisha lango, kisha mikono tena.

"Nililipeleka?"

"Liko pale juu ya mengine."

"Sikumbuki." Alicheka kicheko kikavu. "Mtu amekufa mbele yangu, na mkono unaenda kupanga mawe! Ni hilo lilikuonyesha?"

"Ni hilo."

"Basi. Nilimfundisha Muchiri hivyo hivyo."

"Ulimwita Kim ili umuue?"

"Hapana. Kwa jina la Mungu, hapana. Nilitaka akae hapa mpaka Mama Muchiri arudi kutoka shambani, amwambie mbele yangu: Muchiri hakusahau. Maneno mawili. Sikutaka kitu ingine."

"Nini kilibadilika?"

"Alifika. Akaegesha hiyo gari yake mpya hapo nje. Akatoka. Akachukua jiwe, akaweka kwa gurudumu." Sauti ya mzee ilishuka. "Hata hakujua anafanya. Mkono wake ulijua. Nikamuuliza, 'Kim, mbona umeweka jiwe?' Akacheka. 'Ni mazoea tu, mzee.' Nikasema, 'Na yangu nikitoa jiwe, itasimama?' Akasema, 'Itasimama mpaka Yesu arudi.' Nikamwambia, 'Basi simama chini pale, mbele yake, kama kijana yangu alivyosimama.'"

"Akaenda?"

"Angekataaje? Ni yeye aliniambia ni nzima. Akavuta breki upya kwa mkono wake, akashuka, akasimama na mgongo kwa ukuta, mikono mfukoni, ananicheka. Nikatoa jiwe."

Munene alikuwa ameacha kuandika.

"Ikasimama," mzee alisema. "Madam, ikasimama kabisa. Nilisikia aibu imenishika shingo. Nikasema moyoni, kumbe Muchiri alisahau kweli. Nilikuwa karibu kumwomba huyo mtu msamaha. Halafu nikasikia springi inalia. Kidogo sana, kama mlango wa ghala. Mimi nimelala chini ya malori maisha yangu yote, naijua hiyo sauti. Yeye alikuwa anauza magari tu. Hakuijua."

"Jiwe lilikuwa wapi?"

"Mkononi mwangu."

"Na gurudumu?"

"Hapa." Alinyoosha mguu. Ncha ya kiatu ilionyesha mahali.

"Ungeweza kulirudisha."

"Ningeweza."

"Ungeweza kumwita."

"Ningeweza."

Ng'ombe alitikisa kengele yake zizini.

"Alikuwa anasema," mzee alisema mwishowe. "Hiyo dakika yenyewe. Alisema, 'Umeona, mzee? Nilikuambia kijana alisahau.' Nikamwacha amalize maneno yake."

Warigia alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mkono mdomoni. Haikujulikana alianza kusikia kutoka wapi.

"Mkaguzi amelifungua lori," Kaari alisema. "Springi ilikuwa imepasuka zamani. Na lori lingine la toleo hilo vilevile. Faili la Kenol litafunguliwa upya. Jina la Muchiri litasafishwa, mzee. Itaandikwa kwamba alivuta breki."

Mzee alifumba macho. Machozi yaliteremka kwenye makunyanzi yake bila kelele.

"Umesikia, Mama Muchiri?"

"Nimesikia," mkewe alisema. Kisha akasema kwa sauti iliyovunjika, "Na wewe sasa? Na wewe wataandika nini?"

Kaari alikuwa na jibu, lakini halikuwa la kumpa mama mlangoni mwake. Mzee alikuwa mwenye haki mpaka pale springi ilipolia. Kama angelirudisha jiwe, Kim angeuona mwenyewe ukweli, na pengine angeusema. Sasa ukweli ungesemwa kortini, na Wamae angeusikia akiwa kizimbani.

Munene alimfunga pingu, mbele, si nyuma. Kaari hakumkosoa.

Gari la kampuni lilikuwa limekuja kulivuta lile la marehemu. Waliondoka upesi, kama watu wanaokwepa matanga. Jiwe la Kim Ngatia lilibaki katikati ya njia, kwenye kona, mahali ambapo pikipiki hutokea zikiwa na kasi.

Gari la polisi liliwaka lilipojaribiwa mara ya tatu. Lilikuwa limelipita lile jiwe kwa shida mzee aliposema, "Simamisha."

Munene alimtazama Kaari. Kaari aliitikia kwa kichwa.

Mzee Wamae alishuka. Aliinama polepole, akaliinua jiwe kwa mikono yake iliyofungwa, akalibeba hadi kando kwenye nyasi na kuliweka. Alilijaribu kwa mguu kama limekaa vizuri. Kisha akajipangusa udongo kwenye koti la kanisani, akarudi garini mwenyewe.