Maziwa ya Ndama

Kila alasiri akitoka shule, Nasieku humsaidia mama yake katika saiba yao, kiduka cha kompyuta mjini Kitengela. Mwisho wa Juni watu hufurika pale kupeleka hesabu za kodi ya mwaka. Nasieku husoma tarakimu, mama huchapa. Wateja nao huuliza lile lile: "Na pesa ninazokatwa za pensheni, zinatozwa kodi?" Mama hujibu, "Hapana. Hutolewa kwanza. Kodi hupimwa kwa kinachobaki."

Siku hiyo mawingu yalikuwa yamelala juu ya uwanda kama kondoo wasio na mchungaji. Macho ya Nasieku yalitoka dirishani, yakaenda kuwachunga.

"Pensheni?" mama aliuliza.

"Hakuna," alijibu Nasieku, bila kutazama karatasi.

Kompyuta ikadai kodi zaidi. Mteja wa zamu hiyo, Mzee Munguti, fundi wa kiwanda cha saruji, alivua kofia polepole.

"Mama Nasieku, si mimi hukatwa kila mwezi?"

"Hata mimi nashangaa, mzee. Lakini ndivyo inavyosema."

"Basi kesho mtamba wangu ataenda kuuzwa soko la Bisil. Niko na huyo mmoja tu. Nilitaka maziwa yake nikistaafu."

Alikunja karatasi yake, akaondoka. Foleni ikasonga.

Jioni, nyumbani nje ya mji, Nasieku alimshikia bibi yake, Koko, kibuyu cha kukamulia ng'ombe. Harufu ya maziwa ya moto ilimlegeza, macho yakaanza kufumbika.

"Kitendawili," alisema Koko.

"Tega."

"Niko na visima vinne vyeupe. Nachota viwili, viwili navipita."

"Chuchu za ng'ombe, Koko. Mbili unamwachia ndama."

"Umepata. Huyu ndiye ng'ombe wa kesho. Anayetaka kupima maziwa yangu atapima ya kibuyu. Ya ndama hayamhusu."

Ndama alinyonya, povu likimjaa mdomoni. Katika usingizi ule mwepesi, Nasieku alimwona amevaa kofia ya Mzee Munguti, akimuuliza, "Yangu umeyapeleka wapi?"

Alishtuka, akamkimbilia mama.

"Mama, nilisema hakuna pensheni. Sikuangalia."

Mama akampigia Mzee Munguti simu. "Mzee, fungua ile karatasi. Kuna pensheni?"

"Iko. Kwani?"

"Basi kosa ni letu. Usimuuze mtamba."

"Na nimeshaongea na mwenye lori," alisema Mzee Munguti, akicheka kwa pumzi ndefu. "Ngoja nimwambie abebe mbuzi wa wengine."

Kesho yake walifanya marekebisho. Lile deni likatoweka kwenye kompyuta.

"Mtamba amekusalimu," mzee alimwambia Nasieku. "Anasema usirudie."

Jioni Koko alimkalisha karibu. "Kuota si kosa, mjukuu wangu. Hata mimi huota nikikamua. Kosa ni kusema hakuna kabla hujatazama. Kaneno kako kadogo kangeuza ng'ombe wa mtu. Umefanya vyema kukarekebisha mapema."

Siku hizi mama akiuliza, Nasieku huweka kidole kwenye karatasi kwanza, ndipo ajibu. Mawingu humngoja nje.